Kifuko Kisichoachia

Walikutana mlangoni mwa duka la vifaa vya maabara, saa ya watu kujaa. Dada mmoja mrefu aliingia mbio, gauni la njano likipepea, akampiga kikumbo kijana mfupi mwenye shati la samawati lililonyooka kwa pasi. Boksi likaanguka, vioo vikalia.

"Jamani, pole! Nimekuvunjia nini?"

"Mirija ya kioo, dada. Myembamba kama unywele. Siku tatu za kazi."

"Kumbe fundi ni wewe? Mimi ndiye niliyeiagiza!"

Wakacheka mpaka mwenye duka akawatoa nje.

Dada alikuwa mtafiti. Alitengeneza vifuko vya polima, visivyoonekana kwa macho, vya kubebea dawa mwilini. Alivifyonza kwa ile mirija, apime vinanata kiasi gani na vinavutika hadi wapi kabla ya kupasuka. Fundi akawa haishi kuleta mirija, hata isiyoagizwa.

"Mfupi wangu, leo tena?"

"Nimemfuata mlingoti wangu."

Miezi minane ikapita hivyo. Ijumaa moja dada alikuwa maabarani, kwenye simu na mwenzake wa kazi: "Kimenishinda! Nakivuta, hakiachii. Kidogo vile, lakini king'ang'anizi! Kesho nakipasua, nimekichoka."

Alipotoka alikuta boksi la mirija kizingitini. Mwenyewe hayupo.

Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya ishirini ilikatwa. Siku ya tisa alisoma vipimo mara tatu asione hata tarakimu. Ya kumi na moja akaenda karakanani kwa fundi, bila kuchana nywele. Tanuru lilikuwa baridi. Fundi alikuwa akifunga vyombo kwenye blanketi.

"Unakwenda wapi?"

"Kiwandani, mbali. Nimetia sahihi, miaka miwili. Si umekichoka?"

"Nimechoka nini?"

"Kidogo lakini king'ang'anizi. Nilisikia kwa masikio yangu. Hata utu ulininyima, ukaniita 'ki'."

Dada akamshika bega. "Kifuko, mpenzi! Kilinata kwenye mrija! Mimi nikuite wewe kitu?"

Fundi akaketi juu ya sanduku, kichwa mikononi. "Ningeuliza tu."

"Ungepokea simu tu!"

Wakalia wote wawili. Nje, gari la kiwanda likapiga honi.

"Niwaambie siendi?"

"Umetia sahihi. Nenda." Dada akakaza fundo la blanketi. "Lakini kabla hujapanda, niulize lile swali uliloliogopa miezi yote hii."

Fundi akamuuliza kama atakubali kuolewa naye, mguu mmoja ukiwa garini. Honi ikalia tena juu ya maneno yao. Dada akalipaza jibu lake la ndiyo mara mbili, neno kwa neno, fundi asije akasikia lingine.

Kisha gari likaondoka naye.