Maji Chini ya Kapeti

Kila asubuhi Saimi alikunywa uji wake peke yake, akaosha bakuli, kisha akasimama kando ya barabara kusubiri teksi ya shule. Wakati huo baba yake, Jarkko, alikuwa ameshachukuliwa na gari la kazini kwenda kukata miti msituni. Jirani wa karibu alikaa mbali kiasi kwamba hata moshi wa nyumba yake haukuonekana. Mama yake aliishi Turku, mji wa mbali kusini kabisa, na alipiga simu Jumapili.

Zamani nyumba ilikuwa na Bibi Kerttu, aliyemfokea kila asubuhi, "Saimi, vaa kofia!" Saimi alichukia sana kuambiwa hivyo. Lakini tangu Bibi ahamie nyumba ya wazee mjini, hakuna aliyemkumbusha kofia, na sasa alitamani afokewe japo mara moja tu.

Furaha yake ilibaki Jumamosi. Siku hiyo yeye na Baba walipanda gari lao la bluu wakaenda kumwona Bibi. Ndiyo maana gari hilo lilipoanza vituko, moyo wa Saimi uliingia baridi.

Vituko vilianza Oktoba. Waipa zilipangusa kioo zenyewe bila mvua. Taa zilizima na kuwaka zitakavyo. Siku moja milango ilijifunga wakiwa dukani, na siku nyingine honi ikalia mbele ya shule wakati Baba yuko ndani akizungumza na mwalimu.

"Saimi, gari lenu lina mashetani!" alisema Eetu kwenye teksi ya shule. "Limetupigia honi na halina dereva!"

"Lilikuona umevaa soksi za rangi mbili," Saimi alimjibu. "Lilikuwa linakucheka."

Watoto wote wakaangua kicheko, na Saimi akacheka nao. Lakini aliposhuka na teksi ikapotea kwenye kona, kicheko kilimwisha. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake, na tangu Agosti lilikuwa likimkaa rohoni.

Mwezi huo wa Agosti, Baba alimpeleka ziwani, kwenye gati la kufulia mazulia. Zulia lenyewe lilikuwa la vitambaa, Bibi alilifuma kwa mikono yake. Saimi alilisugua kwa sabuni ya msonobari, akalisuuza, akalitundika kwenye uzio wa gati. "Liache hapo mpaka liishe kudondoka kabisa," Baba alimwambia kabla ya kuacha gari pale na kwenda kuchukua kuni msituni. "Hata likilala huko, hakuna wa kuliiba."

Pale gatini kila mtu alikuwa na mtu wake. Mama na binti walimwagiana maji, madada wawili walikunywa juisi kwenye kikombe kimoja, na watoto wadogo walirushiana mapovu. Saimi alikaa pembeni na zulia lake hadi machozi yakamlengalenga. Baba aliporudi, alikuta limeshakunjwa na kuwekwa sakafuni mwa gari mbele ya kiti cha abiria, na Saimi ameketi miguu juu yake.

"Limeacha kudondoka?"

"Limeacha," alisema Saimi, huku maji yakimwingia kwenye viatu.

Walipofika nyumbani alilitoa haraka. Kapeti la gari lilikuwa limelowa chapachapa, akalifunika kwa mkeka wa mpira, akajiambia litakauka. Gari likawa na harufu ya msonobari, na Baba hakuuliza kitu.

Sasa ilikuwa Ijumaa ya Novemba, na kesho yake ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote. Kila mwaka siku hiyo Bibi aliwasha mshumaa kwenye kaburi la Babu. Hakuwa amekosa hata mara moja. Mwaka huu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na bila gari lao hangefika.

Ijumaa hiyo teksi ilimshusha Saimi kwenye karakana ya Marketta, fundi aliyekuja kulivuta gari lilipokataa kuwaka siku chache kabla. Marketta alikuwa mwanamke wa mabega mapana, kikombe cha kahawa hakimtoki mkononi. Baba alikuwa amesimama karibu naye.

"Betri nzima, waya nzima," alisema Marketta. "Mgonjwa wenu ni huyu hapa." Akainua kisanduku cheusi alichokichomoa chini, karibu na miguu ya abiria. "Hii ni kompyuta. Taa, milango, waipa na honi vyote vinangoja amri yake. Tazama pini zake."

Pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Kuna maji yameingia. Kisanduku kipya kimefika, kile pale. Lakini sikifungi leo."

"Kwa nini?" aliuliza Baba.

"Maji yaliyokiua hiki yatakiua na kile. Lazima nijue yamepita wapi. Nadhani mpira wa kioo cha mbele unavuja. Itabidi nikitoe kioo chote, na hiyo ni kazi ya wiki ijayo."

"Marketta, mama yangu ananisubiri kesho. Ameshanunua mshumaa."

"Najua, Jarkko. Nami namwonea huruma. Lakini kazi ya kubahatisha siifanyi."

Baba alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Saimi alimwona akilini Bibi amekaa dirishani na mshumaa mapajani, akitazama barabara isiyoleta mtu.

"Kioo hakivuji," alisema kwa sauti ndogo. "Maji niliyaingiza mimi."

Wakamgeukia. Akawaeleza yote, zulia, viatu vilivyolowa na mkeka wa mpira.

"Uliniambia limeacha kudondoka," alisema Baba.

"Nilidanganya, Baba. Wote pale gatini walikuwa na wenzao. Mimi nilikuwa na zulia tu. Nilitaka kuondoka."

Baba alichuchumaa mbele yake, akamtazama machoni. Kisha akasema, "Ungeniambia hivyo. Ningekaa nawe. Kuni zingesubiri."

Marketta alikuwa ameshapiga magoti. Alitupa mkeka wa mpira kando, akafunua kapeti, akakamua sufi iliyokuwa chini yake. Maji yakachuruzika na povu jembamba, yakinukia msonobari.

"Tangu Agosti!" alishangaa. "Huu mkeka wako ndio ulioyafuga. Ungeliacha kapeti wazi, lingekauka kwa wiki moja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya bibie, chukua taa, tufanye kazi."

Waling'oa sufi iliyooza na kukausha sakafu kwa feni ya joto. Saimi alisafisha kila pini ya soketi kwa brashi, mpaka vidole vikamuuma. Marketta alifunga kisanduku kipya, lakini Baba alipozungusha ufunguo, gari lilinyamaza kimya.

"Kimeharibika tena?" Saimi alishtuka.

"Hapana. Ni mgeni. Hakijui ufunguo wenu wala kinalinda milango mingapi." Marketta aliunganisha kompyuta yake na gari, akaanza kuandika. "Lazima kiambiwe kila kitu, tena kiambiwe kweli. Nikikidanganya kwamba gari lina milango miwili, ile ya nyuma haitamsikia mtu. Baba yako naye ni hivyo hivyo. Atakusaidia kwa kile ulichomwambia, si kwa kile ulichoficha."

Akampa Saimi ufunguo. Saimi akabonyeza. Milango ikalia *tak*, taa zikawaka zote pamoja, na waipa zikatulia.

Kesho yake makaburini mishumaa iliwaka kwenye theluji, mamia kwa mamia. Bibi Kerttu aliwasha wake, akakaa kidogo na Babu, kisha wakamrudisha garini. Alinusa hewa.

"Nani kafulia zulia langu humu?"

Baba alimtazama Saimi kwenye kioo. Saimi akasimulia mwenyewe, bila kubakiza.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono.

"Ulidanganya kwa sababu ulikuwa mpweke. Je, uongo wako ulikuletea mwenzi?"

"Hapana, Bibi. Nilikuwa naogopa hata kukaa mbele na Baba."

"Ndivyo ulivyo uongo, mjukuu wangu. Unakutenga na watu wako, unabaki nao peke yako. Ukisema kweli utagombezwa mara moja, kisha mtakula pamoja. Na siku nyingine ukiona upweke, useme. Huo nao si wa kufunikwa."

Saimi aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka.

"Na masikio yako ni mekundu kama tunda la beri," Bibi akafoka. "Vaa kofia!"

Saimi akaivaa.