Salamu kwa Marcelino, Popote Alipo

"Kaka, hebu funga mdomo kidogo. Jina langu linapita."

Shija Malimi alinyamaza, kikombe cha chai kikiwa karibu na midomo. Hakuna msichana aliyewahi kumnyamazisha mbele za watu, na mgahawa ule wa stendi ya Mbeya ulikuwa umejaa. Ilikuwa asubuhi ya Juni, mwaka 1976. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, mabasi ya Tukuyu na Iringa yakinguruma nje bila kuonekana, na abiria wamebanana ndani wakipasha mikono kwenye vikombe.

Msichana alikuwa amesimama chini ya rafu ya redio. Alikuwa mrefu, amevaa sweta ya kijani na sketi ya rangi ya maziwa iliyopita magoti, na shingoni amening'iniza futi kamba ya fundi cherehani.

"Na sasa," ilisema redio, "kadi ya Evarista Mtoto wa Ukungu, wa Mbeya. Anamsalimu Jailos Chuma cha Pua wa Tukuyu, Mama Saba Saba wa Mbalizi, na wapenzi wote wa salamu wa nyanda za juu. Ujumbe wake: baridi isitufanye tusahauliane."

Msichana akapumua, kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani.

"Huyo Chuma cha Pua ni ndugu yako?" Shija aliuliza.

"Sijawahi kumwona."

"Unamsalimu mtu usiyemjua?"

"Ananijua. Wiki iliyopita alinisalimu."

Shija akacheka. Alikuwa karani wa stesheni ya reli, mtoto wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini, na alijivunia suruali yake ya pekosi iliyofagia sakafu na viatu vya raizoni vilivyomwongezea kimo. Zaidi ya mavazi, alijivunia macho yake. Aliamini kwamba akimtazama mtu kidogo tu anajua ni wa kundi gani.

"Dada, wewe ni mtu wa salamu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Kijana wa mji huu nikimwona tu, nampanga. Nina kipaji hicho."

"Mwongezeeni kiti!" alijibu Evarista.

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Neno hilo lilikuwa limezaliwa sokoni Mbalizi, pale mgeni mmoja wa harusi alipojisifu hadi mwenyeji akaagiza aongezewe kiti cha pili cha kukalia sifa zake. Kabla ya mwezi kwisha lilikuwa limefika Iringa na kubadilisha nguo njiani. Wanafunzi walimwambia hivyo mwalimu mkali akishatoka darasani, na makondakta walimwambia hivyo abiria mwenye mizigo mingi. Shija alilijua lilikotoka, lilikopita na nani alilitumia vipi. Ila hakuwa amewahi kutupiwa yeye.

Alimfuata nje kwenye ukungu.

"Unashona wapi, Mtoto wa Ukungu?"

"Sokomatola. Hiyo pekosi yako imekatwa vibaya, mguu wa kushoto unavuta. Ilete."

Aliipeleka siku hiyohiyo.

Mapenzi yao yalikua kwa simu za asubuhi. Duka lililopakana na kibanda cha Evarista lilikuwa na simu, na Shija alikuwa na simu ya ofisi mbele yake.

"Stesheni hapa. Naomba Mtoto wa Ukungu."

"Ameenda kuota jua."

"Mbeya hakuna jua. Sauti nimeitambua, mpenzi."

"Basi sema haraka, mwenye duka ananitazama kwa jicho moja."

"Jumamosi utavaa nini?"

"Nguo."

Jumamosi walikaa kwenye ngazi za ukumbi wa dansi na Shija alimfundisha Evarista kutazama watu. Wale pale ni bitozi: nywele za afro, kitana kimechomekwa kichwani, kola hadi mabegani; hao wanaigana hata namna ya kuegemea ukuta. Wale ni watu wa bendi, kila mmoja na mtindo wa bendi yake, na wakikutana wanasalimiana kwa ukelele wa mpiga gitaa wao. Wale ni watu wa chama, wamevaa suti za mikono mifupi, wanasema "ndugu" kila baada ya neno la tatu. Evarista alicheka mpaka machozi. Wakati mwingine aliacha kucheka, akauliza, "Na wakifika nyumbani, wakavua, wanakuwa nani?"

"Wanalala," alijibu Shija.

Kuhusu kwao, Evarista alisema machache. Alitoka Iringa, wazazi wamefariki, yuko mama yake mkubwa, Roza, anakaa Kihesa. Shija hakuuliza zaidi. Naye jioni, akirudi kwenye chumba chake chenye kitanda kimoja na ndoano moja ya nguo, hakuwa na mtu wa kumwuliza lolote. Wazazi wake walikuwa mbali na ng'ombe wao, nao hawakuwahi kuelewa kazi ya kukaa ndani ya ofisi mchana kutwa.

Mwezi wa Februari alimwambia: "Mvua zikiisha nataka kuja kwenu rasmi."

Evarista aliinamisha macho kwenye cherehani. "Njoo," alisema, na mguu wake ukakanyaga kwa kasi hadi kitambaa kikapita chote.

Wiki mbili baadaye, Shija alikuwa ofisini, redio imewashwa juu ya kabati.

"Kadi ya Evarista Mtoto wa Ukungu. Leo anamsalimu mtu mmoja tu: Marcelino, popote alipo. Ujumbe: rudi kabla ya mavuno, bila wewe siwezi."

Lutengano, karani mwenzake, Mnyakyusa mcheshi, alikohoa na kujifanya anatafuta kalamu.

Shija hakumwuliza Evarista. Aliona kuuliza ni kujishusha. Alingoja aambiwe. Evarista alimpokea kama kawaida, akamkatia kipande cha hindi la kuchoma, akamtania kuhusu raizoni zake, lakini jina hilo halikutoka mdomoni mwake. Juma lililofuata redio ikasema tena: Marcelino, popote alipo. Na tena. Simu za asubuhi zikapungua. Chumbani kwake Shija alizima taa mapema akalala macho wazi, akimjenga huyo Marcelino kipande kwa kipande: mrefu, sauti nzito, bila shaka mpiga gitaa.

Aprili, vijana wa mji waliandaa mchana wa burudani katika ukumbi wa maendeleo, na Shija aliombwa azungumze juu ya makundi ya mjini, kwa kuwa wote walijua ulimi wake. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Aliwapanga bitozi, wakacheka wenyewe. Aliwapanga watu wa bendi, wakapiga ukelele wao. Kisha macho yake yakaiona sweta ya kijani safu ya tatu.

"Sasa watu wa salamu," alisema. "Hawa wana matawi. Kuna wanaosalimu ili wasikike. Kuna wanaosalimu ili wasalimiwe. Na kuna tawi la mwisho, tawi la Popote Alipo." Alisubiri kicheko kitulie. "Hao ni wanawake walioachwa. Mwanamume amekwenda zake. Pengine yuko mtaa wa pili tu, na redio ameizima!"

Watu walipiga meza. Evarista alisimama, akaomba njia kwa adabu, magoti kwa magoti, akatoka.

Shija alimkuta uwanjani, mvua nyepesi inaanza.

"Umenipanga vizuri," alisema Evarista. "Nimejiona."

"Marcelino ni nani?"

"Ndiyo unauliza sasa? Umeshaniweka jukwaani, wamenicheka, halafu ndiyo unauliza?"

"Ningeulizaje? Kila wiki mnasemeshana redioni!"

"Hajawahi kunijibu, Shija. Hata mara moja." Akavuta sweta shingoni, akaondoka. Jumatatu kibanda cha Sokomatola kilikuwa kimefungwa, na mwenye duka alisema fundi amerudi kwao Iringa na cherehani yake.

Wapenzi wa salamu hawakuona lililotokea, lakini walisikia ukimya. Chuma cha Pua wa Tukuyu alituma kadi: "Mtoto wa Ukungu, mbona husikiki?" Mama Saba Saba wa Mbalizi akauliza vilevile. Watu ambao hawakuwahi kumwona walimtafuta kila wiki, na Shija aliyemjua hata harufu ya mafuta ya cherehani mikononi mwake alikaa chini ya redio ileile bila kutuma hata kadi moja.

"Kaka, umetuchambua wote kama viazi," Lutengano alimwambia siku moja. "Mimi uliniweka kundi gani?"

"La wacheshi."

"Mke wangu alifariki mwaka juzi. Ulijua?"

Shija alimtazama. Walikuwa wamekaa meza moja tangu reli ifunguliwe. Hakujua.

Kesho yake alikwenda posta, akaomba simu ya duka moja la Kihesa, Evarista aitwe. Alingoja hadi miguu ikamwuma.

"Iringa, zungumza," alisema mtu wa mitambo.

"Eva? Ni mimi."

Waya ukavuma.

"Nakuja," alisema Shija.

"Kufanya nini?"

"Kuuliza. Halafu nisikilize."

"Basi linajua njia," alisema Evarista, na simu ikakatika.

Basi lilipita Makambako na Mafinga, misonobari michanga ikiwa imetota pembeni ya barabara, likapanda mlima wa Iringa jioni. Mama mkubwa Roza, mwanamke mfupi mwenye khanga mbili na sauti ya upole, alimkuta Shija amesimama uani.

"Kamwene," alimsalimu kwa Kihehe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mpanga watu?"

Shija akavua kofia. Mama akamwonyesha kigoda, akaingia ndani. Evarista alitoka, hana futi shingoni, akakaa mbali naye kidogo.

"Marcelino ni nani?" Shija aliuliza.

"Kaka yangu. Wa baba na mama. Tuko wawili tu duniani." Alisema taratibu. "Baba alipofariki, baba mdogo alimfukuza shambani. Kaka akafuata kazi ya kujenga reli. Tulisikia yuko Mlimba, halafu hatukusikia tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema unakuja rasmi. Kwetu posa hufunguliwa kwa jembe jipya. Mwanamume huliweka kizingitini, na mwanamume wa ukoo wa baba hulichukua na kuliingiza ndani. Lisipochukuliwa, umekataliwa. Sasa nani angelichukua? Baba mdogo? Afadhali nizeeke. Nilikuwa namwita kaka aje akupokee wewe, Shija."

Shija alitazama chini.

"Na msichana hamwambii mchumba habari hizo," aliendelea Evarista. "Ingekuwa kama najitangaza. Kwa hiyo niliiambia redio."

"Nisamehe, Eva. Nilimchukia mtu ambaye ningepaswa kumtafuta."

"Nimekwisha kusamehe. Nilikusamehe pale ulipongoja simu. Mtu wa mitambo aliniambia umesimama tangu asubuhi. Lakini kusamehe hakuleti kaka."

Shija alilala kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Mshindo, akisikiliza upepo kwenye mabati. Asubuhi alikwenda sokoni. Watu wa Iringa walimwona bitozi wa pekosi na kola ndefu akipandisha barabara ya Kihesa na jembe begani, bado lina karatasi kwenye makali. Vijana kwenye kona walipiga mluzi. Wakamwita mkulima wa dansi. Hakugeuka.

Hakuwa na mshenga. Wazee wake walikuwa Usangu, nao wangeleta ng'ombe na kuuliza jembe ni la nini. Alifika peke yake, akaliweka jembe kizingitini, akarudi nyuma hatua chache, akasimama.

Mama mkubwa Roza alitoka, akaliona, akajishika mdomo.

"Mwanangu, mimi ni wa upande wa mama. Siwezi kuligusa."

"Najua, mama. Nitangoja."

"Utangoja nani?"

Jua lilipanda. Jirani alipita na debe la maji, akalitazama jembe, akaendelea na njia yake.

Kisha Evarista akatokea mlangoni, amevaa gauni la bluu la Jumapili. Alitazama barabara ya kutoka mjini, kwa muda mrefu, kama kumpa mtu nafasi ya mwisho ya kufika. Barabara ilikuwa na vumbi na mbuzi mmoja.

Aliinama, akaliinua jembe kwa mikono miwili.

"Eva!" alisema mama mkubwa. "Binti hajipokei mwenyewe!"

"Najua, mama mkubwa," alisema Evarista, machozi yanamtiririka. "Lakini mwenye kunipokelea hayupo."

Akaliingiza ndani.

Mama Roza aligeukia ukuta akalia, hata haikujulikana kama analia kwa furaha au kwa ajili ya wasiokuwapo. Shija alibaki uani, kofia mkononi. Aliyechukua jembe ndiye humwita mkwe ndani, na humwachia mkwe huyo kiti cha mbele. Hakujua kama aende au akae.

Evarista alirudi mlangoni. Alijifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mgongo, akajaribu kuifanya sauti yake iwe nzito kidogo, sauti ya mwanamume wa nyumba.

"Mkwe," alisema, "karibu ndani."