Muziki Hauna Mwenyewe

"Nikagulie na maandishi ya mwisho," alisema mpenzi wangu, ambaye mtaa mzima humwita Kamera, akinisogezea kiti. "Wewe ndiye mwenye macho ya mwalimu."

Studio yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la fremu za picha. Filamu ilimhusu marehemu baba yake, fundi cherehani, na ingeonyeshwa ukumbini Jumamosi. Chini ya mlio wa cherehani, kinanda kilikuwa kikilia taratibu. Nikaacha kusoma, nikasikiliza.

Kisha mstari ukatokea: *Muziki: hauna mwenyewe.*

"Umeutoa wapi muziki huu?"

"Kwenye maktaba ya mtandaoni. Ni wa bure. Unapakua, unatumia, hakuna wa kukufuata."

"Hawakuandika sharti?"

"Mpenzi, nani anasoma masharti? Unabofya nakubali, maisha yanaendelea."

"Lakini kuna mtu kaupiga."

"Angekuwa na shida nao, asingeugawa."

Nikasema kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Ule muziki niliupiga mimi, kwa kinanda kidogo kwenye meza ya jikoni kwa Shangazi, wiki tuliyomzika mama. Nikaurekodi kwa simu. Kuuza wimbo wa mama sikuweza, kuufungia simuni nako sikuweza. Nikauweka kwenye maktaba ile kwa jina la Binti wa Jikoni, kwa sharti moja: utumie bure, ila unitaje. Sikumwambia mtu. Mimi hata kuagiza chai mbele za watu huwa kazi.

Ujumbe wa Kamera ukaingia: "Nimekukosea nini?"

Nikaandika, "Ule muziki ni wangu." Nikafuta. Ataniona nadandia filamu ya baba yake. Nikatuma: "Hakuna."

"Hakuna yako huwa na mengi. Kesho nakuja. Shangazi pia kanituma mafuta ya bawaba."

Kesho yake Shangazi alimpokea na kumpeleka moja kwa moja jikoni nilikokuwa.

"Mlango wenyewe ndio huo, mkwe. Unalia kuliko mtoto anayeota meno. Na huyu naye tangu jana kanuna."

"Shangazi, jamani."

"Jamani nini? Mficha maradhi kifo humuumbua."

Kamera akausukuma mlango atafute bawaba. Ukalia, mlio mrefu, mwishoni ukakatika kama mtu anayemeza kilio. Akasimama. Akaufunga, akaufungua tena.

"Ngojeni."

Akatoa simu, akauwasha ule wimbo. Katikati kinanda kilinyamaza kidogo, na hapo mlango wa Shangazi ukalia ndani ya simu, ukakatika vilevile.

"Niliuchagua kwa ajili ya sauti hii," akasema polepole. "Nilidhani ni fidla."

"Fidla gani, ni mlango wangu," Shangazi akasema. "Nilikuwa naingia na ndoo. Nikamkuta anampigia marehemu mama yake kinanda, nikarudi nyuma."

Kamera akanigeukia. "Ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliandika hauna mwenyewe. Wimbo wa mama. Bure nilitoa kwa moyo, Kamera. Nilichoomba ni kutajwa tu."

Akakaa sakafuni, kikopo cha mafuta mkononi.

"Nimemlilia baba yangu kwa kilio chako, na hata kuuliza ni cha nani sikuuliza. Nisamehe. Niuondoe?"

"Usiuondoe. Fundi anaustahili. Nitaje."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwishoni jina langu kamili likasimama peke yake kwenye kioo cheusi. Chini yake: *Mlango: wa Shangazi.* Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Inua uso," Kamera akaninong'oneza. "Nilisoma masharti yako, yote. Ni mstari mmoja, nimejionea haya."

"Vizuri."

"Na nikitaka jina lako likae na langu hata nje ya filamu, masharti yake nayasoma wapi?"

"Kwa Shangazi."

Shangazi, aliyeketi nyuma yetu, akainamisha kichwa katikati ya vichwa vyetu.

"La kwanza," akasema, "mlango wangu usipakwe mafuta."