Shamba Linalopandwa Mwisho

Restuta alilala amechoka, akaamka amechoka.

Kila msimu ulikuwa hivyo hapo kijijini Mkonze. Mvua ya kwanza ikinyesha, yeye na mumewe Yotham walipanda uwele, kisha mahindi. Kisha palizi. Shamba lake la karanga lilisubiri mpaka Januari inakwisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Karanga ni za akina mama, na za akina mama hupandwa mwisho.

Mbegu aliachiwa na marehemu mama yake. Kila mwaka alibakiza kibuyu kimoja cha akiba, akapanda nyingine. Kwa kuwa hazikutosha shamba zima, alizipanda kwa kuachana, hatua nzima kati ya shimo na shimo.

Machi ilipofika, karanga zilikuwa zimedumaa tena. Majani yalikuwa madogo, yamesongamana. Miche mingine ilikuwa ya njano, mingine ya kijani kilichokolea. Aling'oa mmoja. Hakukuta karanga hata moja.

"Mwaka wa tatu huu, Mama Jordan," Yotham alisema. "Mbegu za mama yako zina magonjwa mawili, la njano na la kijani. Kaanga zilizobaki tule, yaishe."

Restuta hakuwa na nguvu ya kubishana. Lakini moyo ulimuuma, maana mama yake hakuacha kitu kingine. Aliwasha moto, akabandika kikaango, akashika kibuyu.

"Hodi! Shikamoo, mama."

Alikuwa Hamida, afisa ugani wa kata.

"Marahaba, mwanangu. Karibu karanga za mwisho."

Hamida alipoelezwa, aliomba waende shambani kwanza. Yotham alifuata, amekunja uso. Hamida akageuza jani. Chini yake kulikuwa na wadudu wadogo weusi.

"Hawa ni vidukari. Wanafyonza utomvu wa mche mgonjwa, wanahamia mche mzima, wanaupa ugonjwa. Mbegu haiubebi ugonjwa huu. Mbegu za mama yako hazina kosa."

"Na magonjwa mawili je?" Yotham akauliza.

"Ni ugonjwa mmoja, baba. Ndani yake kuna virusi wawili, wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Mmoja humwezesha kidukari kuubeba ugonjwa. Wa pili huusambaza ndani ya mche. Halafu kuna kipande kidogo cha chembe za urithi kinachowategemea hao wawili. Chenyewe hakiendi popote. Lakini ndicho kinachodumaza karanga."

"Kidogo hivyo?"

"Kama chumvi kwenye mboga. Na kipande hicho kina aina zake. Aina moja hufanya majani kuwa njano, nyingine huyaacha kijani. Dawa ya kuutibu mche haipo. Tunamkwepa kidukari."

"Tunamkwepaje?" Restuta aliuliza.

"Panda mvua za kwanza, miche ikue kabla vidukari hawajawa wengi. Panda kwa kubanana, hata kama eneo litakuwa dogo, maana udongo ulio wazi huwavutia. Na zile karanga zinazojiotea zenyewe kabla ya kupanda, ng'oa zote. Ugonjwa hujificha humo."

Restuta aliinamisha kichwa. Zile za kujiotea alikuwa akizifurahia, akiziita zawadi.

Walirudi nyumbani. Moto ulikuwa umezimika, naye hakuuwasha tena.

Desemba mvua ilinyesha. Yotham alisimama mlangoni na jembe.

"Tunaanzia wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kwenye karanga."

Aliguna, lakini alikwenda. Walipanda kipande kidogo, miche ikabanana. Baadaye michache ilianza kuwa njano, Restuta akaing'oa mapema. Migongo iliuma vilevile. Kazi haikupungua hata kidogo.

Siku ya kuvuna, mche wa kwanza ulitoka na karanga zimeshikana kwenye mizizi. Restuta aliketi chini palepale, akalia.

Walijaza gunia moja na nusu. Lakini kwanza Restuta alijaza kibuyu cha mbegu. Yotham alimenya karanga moja, akatafuna polepole.

"Mbegu za mama hizi," alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake. Restuta alikuwa amechoka sana, lakini aliipokea.