Gari Lililofundishwa Kupisha

Kule Kihonda, Morogoro, magari ya kampuni tatu yalizaliwa kwenye mkanda mmoja wa kiwanda. Mikono ya chuma ilishusha fremu ileile, betri ileile na ubongo uleule wa kujiendesha, kwa sababu hakuna kampuni iliyoweza kugharamia utafiti wa ubongo ule peke yake. Mwisho wa mkanda ndipo kila gari lilipovikwa bodi yake na kutiwa tabia.

Tabia ilikuwa kazi ya Mhandisi Tunu Mbaruku. Tausi, gari la matajiri, alilitia wepesi. Nyumbu, la watu wa kawaida, alilitia upole: likikutana na Tausi njia panda, linapisha. Wanunuzi wa Tausi walifurahi, na wa Nyumbu wakasema gari lao lina adabu. Tunu alimshukuru Mungu kwa kazi ile. Alikuwa amelelewa hivyo, kumpisha mwenzio mlangoni.

Asubuhi moja Bwana Ngonyani, meneja wake, alimletea mgeni ofisini. Alikuwa fundi cherehani wa Mzumbe, jina lake Sefu Kilindo.

"Anataka kujua kama gari lake ni bovu," alisema Ngonyani. "Tumelipima. Ni zima. Mweleze."

Sefu alikaa ukingoni mwa kiti.

"Sikuja kugombana, dada. Mke wangu, Mwanahawa, alishikwa na uchungu wa kuzaa, nikaliambia gari tuna mgonjwa, litupeleke hospitali. Likasema pole. Kisha likaanza kupisha kila Tausi njiani. Mwanahawa akalitania, akasema, 'Hili limelelewa na bibi yangu, litasalimia mpaka nguzo.' Tulicheka wote. Baadaye hakucheka tena. Yeye Mungu kamnusuru. Mtoto hatukumpata."

Tunu alifunga kompyuta yake.

"Ninachouliza ni hiki," alisema Sefu. "Tungekuwa kwenye Tausi, tungefika?"

"Kaka, hizo ni kampuni mbili tofauti," Ngonyani aliwahi kujibu. "Huwezi kulinganisha."

Alimtazama Tunu. Tunu alijua maana ya jicho lile: kazi yake, na mkataba wa kampuni tatu. Angeweza kuitikia tu kwa kichwa.

"Mngefika," alisema.

"Tunu," Ngonyani alimwonya.

"Ni gari moja, kaka Sefu. Ubongo ni mmoja. Ulikusikia vizuri kwamba una mgonjwa. Lakini juu yake kuna amri ya kupisha, na ubongo hauwezi kuivuka. Amri hiyo niliiweka mimi."

Ngonyani alitoka bila kufunga mlango. Walimsikia kwenye korido akipiga simu.

Sefu hakupandisha sauti. Alikuwa akiyapanga maneno yale kichwani, kama mtu anayetafuta upande wa nje wa kitambaa.

"Tausi la mwisho kutupita," alisema, "lilikuwa la kijani. Nililichungulia nikitaka kumpungia mkono aliyemo, atuhurumie. Halikuwa na mtu."

"Huwa yanakwenda kuoshwa yenyewe," Tunu alisema. "Au kumfuata mwenye gari kazini."

"Kwa hiyo tulilipisha gari tupu."

"Ndiyo."

"Ulipokuwa unalifundisha upole, dada, humo ndani ulimwona nani amekaa?"

Tunu alitafuta jibu kwa uaminifu, kama anayeulizwa na Mola wake. Alikumbuka meza, rangi za bodi, vicheko vya wakubwa waliompongeza.

"Sikumwona mtu," alisema. "Niliyaona magari."