Mpangaji wa Picha

Programu ya kwanza ilimuuliza Tauno swali moja tu, tena kwa adabu: "Huyu ni nani?"

Chini ya swali palikuwa na uso wa mwanamke. Ulikuwa umekatwa kutoka kona ya picha fulani, una ukungu kidogo, nywele zimelowa na kulala juu ya paji, macho yanatazama lensi moja kwa moja. Tauno alisogeza miwani. Kompyuta yake ilikuwa na picha elfu thelathini na nane, na hakukumbuka hata siku moja kumpiga picha mwanamke aliyelowa.

Tauno Leppäkorpi alikuwa dereva wa treni mstaafu, akiishi na mkewe Helvi katika nyumba ya mbao nje kidogo ya Mikkeli, mji wa nchi za baridi za kaskazini, na sauna yao, kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ilikuwa nyuma, karibu na ziwa. Wenzake wakistaafu hununua mashua. Yeye alinunua kamera, kisha lensi, kisha lensi ya pili ya kuifariji ile ya kwanza. Helvi alivumilia yote hayo kwa ombi moja. Mwezi wa kumi na mbili wangetimiza miaka arobaini ya ndoa, naye alitaka kitabu cha picha arobaini, moja kwa kila mwaka.

"Sitaki pete wala maua," alimwambia. "Nataka nifungue kitabu nione kwamba nilikuwapo."

Ombi dogo, lakini nani angezipata hizo arobaini? Picha, pamoja na zile za zamani alizoziskani, zilikuwa zimetapakaa kama nguo za kufua. Kulikuwa na folda inaitwa "Mpya", nyingine "Mpya kabisa", na nyingine "Mpya kabisa hii ndiyo". Ndipo Tauno akapakua programu tatu za majaribio kwa mpigo ili achague moja ya kuzipanga na kuzisafisha. Ya kwanza ilikuwa ya kulipia kila mwezi mpaka ufe. Ya pili ulinunua mara moja ukapumzika. Ya tatu ilikuwa ya bure, kazi ya watu wema wasio na haraka ya kueleweka. Zote tatu zilijivunia kutambua nyuso.

"Chagua moja, bwana," Reijo wa chama cha wapiga picha alimcheka kwenye simu. "Mshika mawili moja humponyoka, sasa wewe unashika matatu!"

"Mke humchagui siku moja."

"Helvi alikuchagua siku moja. Ndiyo maana anajuta."

Basi Tauno akabonyeza ule uso auone umetoka wapi. Zilikuja picha tatu, zote za Septemba, zote za ndani ya sauna, na hapo akakumbuka. Siku ile walipomaliza kuoga alirudi peke yake na lensi mpya, akayamwagia mawe maji ya mwisho, akaupiga picha mvuke ukipanda dirishani. Sasa, kwa watu wa kule, mvuke wa mwisho si wa binadamu. Unamwaga maji, unafunga mlango, unaenda zako. Huo ni wa mwenye sauna, yaani jini wake, na mwenye sauna hatazamwi. Hata wasioamini chochote hufanya hivyo, na ukiwauliza sababu watakuambia wamechoka tu na joto. Tauno aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini mwanga ulikuwa mzuri, na mpiga picha akishasema mwanga ni mzuri, hana tena dini wala bibi.

"Imeona mvuke ikadhani ni mtu," alijisemea. Programu ikamngoja. Haikutaka kuendelea bila jina. Akaandika neno la kwanza lililomjia: Mgeni. Kwa lugha yao, kama kwa yetu, neno hilo ni moja kwa mtu usiyemjua na kwa mtu uliyemkaribisha. Tauno alimaanisha la kwanza.

Asubuhi Helvi aliinama mezani kumwekea mkate wa iliki, akaiona skrini. Mkate haukufika.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Si mwanamke. Ni programu imekosea."

"Programu imekosea. Nywele zimelowa, mabega wazi, yuko saunani kwangu, na wewe umemwandika Mgeni!"

"Helvi, ni mvuke."

"Mvuke wenye pua?"

Siku mbili walikula bila kusemezana. Helvi alipekua mifuko ya koti lake na kunusa taulo zote. Alizikuta zina harufu kweli, harufu ya yale majani wanayojipigia saunani, yaliyolowa na kuanza kuoza, na nyuma yake harufu ya majivu baridi. Zilikuwa taulo safi, za kabatini. Hilo lilimzidishia shaka, na mimi simlaumu.

Ili kujitakasa, Tauno alimwita Helvi akae kando yake, akafungua programu ya pili. "Hii haijui lolote la ile ya kwanza," alisema. "Tazama mwenyewe."

Ikafanya kazi saa nzima, kisha ikaleta nyuso. Wa kwanza ulikuwa wa Tauno. Wa pili wa Helvi. Wa tatu ulikuwa wa yule mwanamke, na programu ilisema yumo katika picha arobaini na moja, na chini ya uso wake, bila mtu kuandika, palikuwa tayari pameandikwa Mgeni.

Walizifungua moja moja. Alikuwa nyuma ya pazia siku ya Krismasi. Alikuwa kati ya miti sikukuu ya katikati ya kiangazi, akisimama nyuma ya bega la Helvi. Walipofika kwenye picha ya Tauno akiwa juu ya barafu ya ziwa, peke yake na ndoano yake ya samaki, Helvi alishika mkono wa mumewe. Huyo hapo, hatua moja kutoka kwake, nywele zinadondoka maji katika baridi ile ya kukata masikio.

"Hii niliipiga mimi," Helvi akanong'ona. "Mwaka tisini na moja. Tauno, hapakuwa na mtu."

Wivu ukamtoka papo hapo. Kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

Walimshuku Reijo, kwa sababu Oktoba aliwahi kuazima diski ya picha zile. Tauno akampigia simu na kumwuliza kwa ukali.

"Mimi?" Reijo akashangaa. "Mimi hata macho mekundu siwezi kuyatoa, nitaweza kuingiza mwanamke?"

Ikabaki programu ya tatu. Tauno aliifungua saa kumi alasiri, saa ambayo Novemba kule jua huwa limeshaaga, na Helvi hakutaka kuwasha taa. Safari hii Mgeni alikuwa katika picha elfu sita, na idadi ya picha za Helvi ilikuwa ikishuka huku wakiitazama, kama maji yanayotoka kwenye beseni. Tauno akafungua picha ya harusi, akaona kanisa, akaona suti yake ya kuazima, akaona shada la maua limeshikwa na mikono iliyolowa, na juu ya shada, chini ya shela ambayo mama yake Helvi aliishona kwa mkono majira yote ya baridi, ule uso, sasa hauna ukungu hata kidogo, umetulia, unatabasamu kama mtu aliyefika alikokuwa akienda, na wakati huohuo nyuma yao ukumbini pakasikika nyayo, nyayo tupu zilizolowa juu ya mbao, pa, pa, pa, bila haraka, zikipita mlangoni na kuelekea jikoni, na harufu ya majivu ikawajaa puani mpaka Helvi akakohoa.

"Umesikia?"

"Nyamaza."

"Tauno, nina swali," Helvi akasema polepole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya. "Vikombe tunaviweka wapi?"

Miaka arobaini alivipanga vikombe vile kwa mkono wake.

Kesho yake Tauno alimleta Bibi Saimi. Huyu alikuwa mpiga chuku, tena chuku ya kweli, ya pembe, si ile ya maneno. Umri wake miaka themanini na minne, na bado aliumika migongo ya watu katika sauna za wilaya nzima. Aliingia, akavua viatu, akanusa, akakataa kahawa.

"Nani aliutazama mvuke wa mwisho?"

Tauno akainamisha kichwa. "Niliupiga picha, Bibi. Mwanga ulikuwa mzuri."

"Mwanga ulikuwa mzuri! Na akili ilikuwa wapi?" Bibi akageuka akamwangalia Helvi, aliyekaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani. "Huyu mbona amekaa kama amekuja kuuza bima? Mlimpa jina yule?"

"Mgeni."

Bibi Saimi akapiga meza. "Ukamkaribisha kwa maandishi! Jini likiingia lenyewe ninalitoa kwa moshi na matusi. Ukishaliita mgeni, halifukuzwi. Ungemfukuza mgeni wewe? Mama yako alikulea vipi?"

"Basi tufanye nini?" Helvi akauliza kwa sauti ndogo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili mpashie sauna, mwachie maji, kahawa, taulo. Siku ya tatu mpe kazi, palepale ulipompa jina. Wao hawapendi kazi. Ataichukia, ataondoka kwa miguu yake." Akamnyooshea Tauno kidole kilichopinda. "Lakini sikia, dereva. Kazi. Usije ukampa jina jingine."

Siku mbili waliihudumia sauna ile kama hoteli. Asubuhi kikombe kilikutwa kitupu, taulo limelowa. Helvi alimsaidia mumewe kubeba kuni, ila kila alipotaka kuingia chumbani kwake mwenyewe alibisha hodi kwanza.

Siku ya tatu Tauno alifungua programu ya kwanza. Kazi gani? Alicheka kwa uchungu. Ipo kazi moja iliyomshinda miezi miwili, na hakuna kiumbe mwenye akili angeipenda. Akabonyeza ule uso, akafuta neno Mgeni. Kisha akakwama. Hapakuwa na mahali pa kuandika kazi. Palikuwa na kijisanduku kimoja tu, cha jina, na mshale unapepesa ndani yake. Nyuma ya kiti chake kitu kilidondosha tone, na tone jingine, karibu sana na shingo yake. Hakugeuka. Akaandika neno moja lililobeba kazi yote ya kupanga picha, Mpangaji, akabonyeza, akafumba macho.

Matone yakakoma. Harufu ikakatika kama uzi.

Alipofumbua, folda zilikuwa zikijipanga. Mwaka juu ya mwaka, mwezi ndani ya mwezi, zilizofifia zimerudishiwa rangi, zilizopinda zimenyooshwa. Mbele kabisa zilikaa picha arobaini, moja kwa kila mwaka wa ndoa, na katika kila moja alikuwamo Helvi: Helvi na shela, Helvi na ndoo ya matunda ya msituni, Helvi amelala na gazeti usoni. Mwanamke yule hakuwamo popote. Tauno alilia, na hakuona aibu. Helvi alikuwa ameenda dukani. Alitamani arudi upesi amwonyeshe.

Akampigia Reijo kwanza. "Nimechagua programu!"

"Hatimaye! Ipi?"

"Ya kwanza. Inapanga yenyewe."

Kisha akampigia Bibi Saimi. "Ameondoka, Bibi! Tena kazi ameimaliza."

"Ameimaliza?" Bibi hakufurahi. "Jini halimalizi kazi ya watu. Uliandika nini, hasa?"

"Mpangaji."

Tauno alisikia saa ya ukutani ya Bibi ikigonga upande wa pili.

"Nilikwambia usimpe jina," Bibi akasema. "Mgeni huaga, Tauno. Mpangaji ana ufunguo."

Simu ikiwa bado sikioni, Tauno alirudi kwenye orodha ya nyuso. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili Mpangaji, bila uso, bila hata picha moja. Wa tatu ulikuwa uso wa Helvi, miaka arobaini ya uso ule, na chini yake jina lililokuwa limebaki bila mwenyewe: Mgeni. Akalifuta, akaandika Helvi. Likarudi. Akalifuta tena, akaandika Helvi, Helvi Leppäkorpi, mke wangu, na kila alipoondoa mkono neno lilirudi mahali pake taratibu, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake.

Mlangoni pakabishwa hodi.

Alikuwa Helvi, juu ya mkeka wa nje, na theluji mabegani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake na alikuwa akiutazama kana kwamba ameuokota njiani. Viatu hakuvua. Alimtazama Tauno kwa haya na tabasamu la mtu asiyetaka kusumbua.

"Samahani," akasema. "Nimepita tu. Sitakaa."

"Helvi, ingia. Ingia nyumbani kwako, tafadhali!"

Nyuma ya Tauno, jikoni, kabati lilifunguliwa na mtu aliyejua vikombe viko wapi. Kikombe kimoja kikawekwa mezani, kisha cha pili, kisha cha tatu. Kahawa ilinukia, na chini ya kahawa, majivu baridi.

"Mume wangu," sauti ikaita kwa ukarimu wote, "usimwache mgeni mlangoni. Mwambie avue viatu."