Mashahidi Watatu wa Skolastika

Foleni ya posta ya Songea ilikuwa imefika mlangoni siku mwalimu Wendelini alipokuja kuchukua kifurushi chake cha vitabu. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa pasi, viatu vimejaa vumbi la mtaa wa Mfaranyaki. Skolastika, muunganisha simu, alimtazama kwa jicho la pembeni. Mwanaume nadhifu namna hii hakosi mwenyewe, aliwaza.

"Vitabu gani vizito hivyo, mwalimu?"

"Vya marabi wa Kiyahudi wa kale, dada. Napima habari zao, ipi ilitokea kweli na ipi ilitungwa."

"Utajuaje, na wote wameshakufa?"

"Marabi watatu wakisimulia jambo moja, nauliza kila mmoja alilipata wapi. Kama ni kwa mwalimu mmoja, basi shahidi ni mmoja tu."

Skolastika alicheka, na mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka huo wa tisini na nne haukuisha kabla barua ya posa haijafika kwao. Wiki ileile Otto fundi cherehani akamnong'oneza kwamba Wendelini ana mke kijijini kwao Mpitimbi. Shangazi akasema hivyohivyo. Violet wa kazini naye akasema.

"Lisemwalo lipo, mwanangu," mama alisema. "Jumapili baada ya misa, barua inarudi kwao."

Skolastika alipiga simu shuleni, moyo unamuuma.

"Mkeo wa Mpitimbi hajambo?"

"Mke gani, mpenzi? Nani kasema?"

"Watu watatu."

"Nao walisikia kwa nani?"

"Usinigeuze kitabu chako, Wendelini." Akakata simu.

Lakini swali lile lilimnyima raha. Akamwuliza Otto: kasikia kwa Hilda msusi. Shangazi: kwa Hilda. Violet: kwa Hilda. Akamwendea Hilda amejaa hasira.

"Si wewe uliyeniambia?" Hilda alishangaa, kitana mkononi. "Nilipokuwa nakusuka ulisema, mzuri yule lazima ana mke kwao Mpitimbi."

"Nilikuwa natania."

"Mimi nikajua umeambiwa."

Jumamosi mchana alimkuta Wendelini uani kwake, anafua. Hakumkaribisha.

"Shahidi nimempata," Skolastika alisema. "Ni mimi. Nilikushuku tangu siku ya kwanza, nikamwambia Hilda msusi kwa mdomo wangu, naye akawaambia wengine. Nisamehe."

Wendelini alikamua shati polepole. "Ungeweza kumtupia Hilda lawama."

"Ningeweza."

"Mtu anayesimulia la kumwaibisha mwenyewe, huyo ndiye huwa namwamini."

"Basi niamini na hili," alisema, machozi yakimtoka. "Barua yako hairudi."